Alfajiri ya Pasaka, Kyimo

Saa kumi na nusu. Matarumbeta yameanza
kule chini, kwa akina Anyosisye,
na ukungu umeshuka hadi vizingitini.
Nimevaa koti lako la sufu, lile la mtumba
ulilonunua mnadani Kiwira, ukasema
mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa mlokole,
maana mifukoni hakubakiza kitu.

Mwaka jana njia hii tuliipita pamoja,
wewe mbele na chemli, mimi nyuma na usingizi.
Uligeuka ukasema: nyanyua miguu,
Bwana hafufuki kwa kuburuta ndala.

Mchungaji alishakusema kwa maneno makubwa:
mcha Mungu, nguzo, taa.
Mimi nakumbuka jicho moja.
Uliomba umefumba moja tu,
la pili likichunga maziwa jikoni,
na yakianza kupanda ulikata sala,
"Ngoja kidogo, Baba," ukaipua sufuria,
ukarudi palepale ulipoachia,
kwenye jina la jirani anayeumwa mgongo.

Mayai uliyachemsha kwa wimbo:
beti tatu, kiini kinatetemeka;
beti tano, yai la safari.
Hadi leo siwezi kuchemsha yai
bila kuimba. Mke wangu hucheka.

Na chai. Majani mawili na chipukizi,
na kila kiganja jina moja.
Kiganja cha baba, aliye machimboni Chunya.
Kiganja cha Tupokigwe, asiyeshika mimba.
Kiganja cha yule karani wa mizani
aliyekupunja kilo mbili kila Jumatatu.
Huyo ulimwombea kwa sauti,
akiwa amesimama hapohapo.

Halafu ule mwaka
baba aliporudishwa ndani ya turubai.
Hili halikusemwa msibani kwako.

Tangu masika hadi viazi vikachimbwa
uliingia kanisani, ukaketi benchi lako la tatu,
ukafunga mdomo. Nyimbo zilikupita
kama mvua juu ya jani la mgomba.
Jioni hukupiga magoti. Uliutazama moto,
na mimi, wa miaka minane,
nikasali sala zako zote kwa niaba,
majina yote, hata la karani,
nikiogopa kwamba ukinyamaza wewe
kijiji kizima kitafutwa kwenye daftari la mbinguni.

Asubuhi moja, unakamua,
nikakusikia unaongea. Nilidhani ni na ng'ombe.
"Bado sijakubaliana na wewe," ulisema.
"Lakini upweke umenizidi."
Ukaendelea kukamua.

Sikuwahi kukuuliza.
Jumapili ile ulishika sauti ya pili
kama mtu anayedai deni lake.

Sasa tumefika. Makaburi yamelala sawasawa,
mwenye lori na mchoma mkaa, jiwe lilelile,
lako tu halina jiwe, udongo bado umevimba.
Mzee wa kanisa anasoma, tochi kwapani,
majina ya waliolala mwaka huu.
Anasoma haraka, baridi inamkata:
Tusekelege binti Mwangoka.

Tusekelege. Tufurahi.
Jina lako ni amri, bibi,
na katika yote uliyonituma, kuni, maji,
kumpelekea karani ndizi za Krismasi,
hukuwahi kunituma mbali hivi.

Tarumbeta la Anyosisye limeingia umande.
Linakohoa, linakohoa, kisha linatoka.
Mlima Rungwe unaonyesha bega moja.

Nachuchumaa. Sikuleta ua.
Mfukoni mwa koti lako nina yai,
la beti tano, bado lina joto.
Nasema kile tunachosemeana kwetu kila kukicha,
salamu isiyouliza kingine
ila kama mtu amelala:

Ugonile, bibi?

Jogoo wa akina Tupokigwe
anadakia kabla yako.