Chai Niliyompikia

Afande ameuliza mara ya tatu, kifuniko cha kalamu mdomoni:
ulipiga kelele?
Benchi la kituo cha Chumbageni lina msumari uliochomoza.
Nimeukalia kusudi,
nipate maumivu ninayoweza kuyataja.

Sikupiga.
Chumba chetu, Barabara ya Kumi na Tano,
ukuta wake haukufika juu.
Nyamvula akipiga chafya kwake
mimi kwangu naitikia, yarhamukillahi.
Wangesikia wote, afande.
Ndiyo sababu.

Na kodi ya miezi miwili nilikuwa nadaiwa,
na ufunguo wa akiba anao yeye, nyumba yake,
na mtoto amelala pembeni yangu.
Mkono mmoja niliuweka juu ya sikio la mwanangu.
Wa pili ulikufa ganzi,
kama nimeuazima kwa mtu
na mwenyewe kaja kuuchukua.

Kuna jambo hujaniuliza.
Alipomaliza akaomba chai.
Nikampikia. Nikatia na tangawizi.
Nikamwambia, karibu tena.
Ulimi ulilelewa vizuri, una adabu zake,
haukuwa na habari za shingo.

Mwantumu wa kiwanda cha mkonge, Pongwe,
yeye alimng'ata wake, sikio likabaki kipande.
Naye alikaa benchi hili hili, akaulizwa:
nguvu zote hizo, mwanamke, umezitoa wapi?

Siku kumi na moja ulikuwa wapi?
Nilikuwa njiani nakuja.
Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Siku ya tisa nilipita kwa mama mdogo.
Nilipomweleza, mkono ukasimama juu ya mbuzi,
tui la kwanza likimchuruzika vidoleni.
Ulioga? akauliza.
Mara nne, nikasema.
Na mimi, akasema,
ule mwaka wa njaa ya unga wa yanga.
Akaendelea kukuna nazi.
Hatukuongeza neno. Tulikula wali wenye maganda ya kifuu.

Basi andika.
Pale penye kelele andika hakuna,
penye chai andika chai,
usiitafutie jina jingine.
Na kitasa kipya ni shilingi elfu kumi na tano,
fundi anataka zake mbali.
Usiku unaingia, afande,
na ufunguo bado anao.