Chungwa la Sita

Habari ilifika kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
kabla sijamaliza kuziba pancha ya Chamshama:
Meya kaanguka kikaoni. Presha. Kalazwa Bombo.
Mtu akapiga kofi. Mwingine akasema, "Bado kidogo."
Singano akaagiza kahawa ya wote, yeye ambaye
hajapata kuninunulia hata kashata.

Nami nilicheka. Niandike ukweli: nilicheka,
kisha nikaona spana imenitoka mkononi.

Maana mimi ndiye niliyeizungusha karatasi ile
toka Makorora hadi Duga, kichochoro kwa kichochoro,
nikikusanya saini mia mbili na kumi na tisa
kuupinga ushuru wake wa baiskeli za mizigo.
Saini ya kwanza ni yangu, kwa wino wa bluu.
Elfu tatu kila mwezi, kwa mtu anayebeba mkaa toka Pongwe
na pumu kifuani! Asiyelipa, baiskeli yake
inalala ua wa halmashauri, inanyeshewa.
Nilisema mkutanoni, narudia: ni dhuluma.

Lakini Mbaruku Semkuya nilimfundisha mimi kuendesha,
uwanjani nyuma ya shule, tuna miaka tisa,
nimeshika kiti, yeye anapiga kelele, "Usiniachie!"
nami nimeshamwachia zamani.
Alipofariki baba alikuja bila dereva,
akavua viatu, akaingia kaburini kupokea maiti.
Udongo ule hakuukatia risiti.

Ukipenda boga, upende na ua lake.
Sawa. Na ambaye ua limemwasha?
Aling'oe na boga?
Wapambe wake, chongo wanaiita kengeza.
Ila nami je, sijapata kuona kengeza
nikautangazia mtaa mzima kuwa ni chongo?

Nikanunua machungwa sita ya Muheza, nikapanda Bombo.
Mlangoni kijana wa suti akanikagua mfuko
kama nimebeba nyoka.
Na huko nyuma, najua, Singano alikwisha kusema:
"Kanunuliwa. Bei gani?"

Mbaruku alikuwa mdogo kitandani. Miguu nje ya shuka.
"Umekuja kufuta saini?"
"Hapana. Nimeleta machungwa."
"Basi menya."

Nikamenya.
"Ushuru hauondoki," akasema, mbegu shavuni.
"Na karatasi haiondoki."
"Mitaro nitaizibua kwa nini, kwa mate?"
"Kwa posho zenu za vikao."
Akacheka mpaka akakohoa, mpaka nesi akaja
akanitazama mimi, si yeye.

Nisijitie utakatifu. Katikati ya chungwa la tatu
niliiona baiskeli ya Kaniki, mnyororo umeshikwa na kutu,
na mwanawe anakwenda shule kwa miguu,
na kwa pumzi moja nilitamani chungwa lile liwe chachu,
limkwaruze koo.
Pumzi moja. Ikapita.
Sijui ilikokwenda, wala kama ilitoka.

Wakati wa kuondoka alinirudishia moja.
"Mpelekee Mwanaidi. Mwambie sijafa."

Usiku Mwanaidi aliniuliza:
"Sasa wewe uko upande gani?"
Nilikuwa naandika barua ya pili. Mstari wa kwanza:
*Mheshimiwa, ugua pole, Mola akuinue upesi.*
Wa pili: *Ushuru wako ni dhuluma,
nasi tunataka uwe mzima tunapokupinga.*

Akaisoma huku akimenya lile chungwa la sita.
"Futa mstari mmoja," akasema. "Wowote. Uchague."
Tone la maji ya chungwa likadondokea neno *dhuluma*,
wino ukatanda.

Nikaliandika upya neno hilo, kwa herufi kubwa zaidi.
Doa nikaliacha.