Tia Sahihi Hapa

Karani hakunitazama usoni.
Alisukuma karatasi mezani: "Galstyan, Shogher?
Tia sahihi hapa. Na hapa."
Kama niliyekuja kulalamikia bili ya gesi.
Kisha akavuta droo, akatoa kisanduku.

Miaka kumi na moja.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wasemao.
Hii ilianzia Pattaya, ikapita maabara, ikalala kwenye barafu
ndani ya kichupa cha mkojo wa msichana mwingine,
mpaka mashine mpya ikakiamsha, nacho kikasema.

Mimi nilianzia Gyumri, ghala la kiwanda cha soksi
ambacho tetemeko lilikitafuna nusu, nusu likaitema.
Paa lilibaki na tundu. Januari theluji ilitutua mabegani
tumechuchumaa na mitaimbo, asithubutu mtu kujipangusa.
Kocha Hrachik alikuwa na neno moja tu: "Mgongo."
Harusini kwa dada yangu alimkazia macho bibi harusi,
akaninong'oneza: "Mbona mgongo wake umepinda?"

Bibi Haykanush naye alikuwa na swali lake:
"Shingo nene hivyo, mkufu gani utaizunguka?"

Dunia nimeiona kwa mizani.
Tirana: gramu mia mbili zimezidi, nikapanda na kushuka
ngazi za hoteli nimevaa makoti matatu.
Batumi: nikakata nywele chooni kwa mkasi wa kucha.
Pattaya: nikatema mate kikombeni usiku kucha
hadi ulimi ukakauka kama ngozi ya ngoma.
Bahari ya kule, nasikia, ni nzuri. Sikuiona.

Mimi kilo hamsini na nane, chuma mia moja ishirini na tatu.
Mikono ni kamba tu; kazi ni ya miguu.
Kilipanda, kikatua kifuani kama mgeni asiyepiga hodi.
Nikasimama nacho. Nikameza pumzi. Nikakisukuma,
nikaingia chini yake, na kwa mara ya kwanza maishani
hapakuwa na uzito, palikuwa na kimya.
Taa nyeupe. Nyeupe. Nyeupe.

Kisha akaja yeye, akainua mia moja ishirini na nne.
Alinikumbatia; alinuka kafuri na woga.
Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sindano hakuishika yeye.
Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa.

Wa nne hana ngazi ya kusimamia.
Wa nne hubeba viatu vyake mwenyewe
na kuulizia basi la uwanja wa ndege.

Goti lilinigomea nikiwa na ishirini na nane.
Sasa naoka lavashi. Magunia ya unga nabeba mawili mawili,
na wachukuzi wananipisha njia.

Hrachik alikufa Februari, udongo umeganda kama saruji.
Jeneza tulilibeba sita. Wanaume walitaka kunitoa;
mjane wake akasema, mwacheni.
Upande wangu haukuyumba.

Bibi alikuwa amemtangulia.
Utepe umeizunguka, Bibi. Na umebaki mrefu.

Jana jioni, duka likiwa tupu,
niliiweka shaba yangu kwenye mizani ya unga:
gramu mia nne na kumi na mbili.
Nikaipaka vumbi jeupe bila kukusudia.
Nikaishika kwa mikono miwili, nikaipandisha
juu ya kichwa, viwiko vimenyooka,
na hapo nikakwama, maana sheria haijabadilika:
usishushe mpaka mwamuzi atoe ishara.

Nikangoja.
Tanuri lilikuwa linapoa, likilia tik, tik.

Mlangoni mtu akakohoa.
"Lavashi nne," akasema, "kama zimebaki."