Mwenyeji Asilale

Printa yetu ina waya mmoja, mfupi,
hauvuki hata upana wa kitanda,
na umechomekwa kwenye kompyuta ya Mama
chumbani kwake, hapa Walukuba,
kati ya cherehani na ndoo ya maji ya akiba.

Sisi wengine tulikuwa tukisimama mlangoni
na flashi mkononi, kama wagonjwa na madaftari yao ya zahanati:
mimi na hesabu za chama cha wauza nguo,
Nangobi na kazi zake za likizo,
baba yake, kaka yangu Balidawa,
na makaratasi asiyotaka yaonekane.
Hodi Mama. Samahani Mama. Ukurasa mmoja tu.

Jumamosi moja nikakaa sakafuni na ruta ya mtumba,
nikazipa kompyuta tatu jina moja la kundi
kama watu wa ukoo,
nikakitafuta kile kisanduku kidogo cha kushiriki,
nikakitia alama.
Ikauliza: printa iitwe nani?
Nikaandika YA_WOTE.
Mama nyuma yangu, miwani puani:
"Ya wote. Na wino ananunua nani?"

Nikamweleza sharti, maana lipo moja.
Mashine yako ndiyo mwenyeji, Mama.
Ikilala, printa itakuwepo, waya utakuwepo,
lakini sisi huku jikoni tutaambiwa haipo.
Akacheka kile kicheko chake cha pembeni.
Miaka kumi na tisa zamu ya usiku, kiwanda cha nguo.
"Kutolala," akasema, "hilo hunifundishi."

Jumanne yuniti za Yaka zikaisha.
Balidawa, chumba cha uani, alikuwa amebonyeza chapa,
akabonyeza tena, akabonyeza mara ya tatu kwa hasira,
printa bado inapasha mwili moto,
kisha giza.
Akaitukana kwa Kisoga, akafunga laptopu,
akapanda boda kwenda Bugembe.

Kazi iliyokwisha tumwa haiondoki na aliyeituma.
Inabaki kwenye foleni,
imeshika nafasi yake gizani.

Saa nne usiku nikapata za elfu tano kwa simu,
nikabonyeza tarakimu ishirini ukutani.
Friji ikashtuka. Mama akawasha mashine yake,
si kwa kazi yoyote, ila kwa sababu nilimwambia
mwenyeji asilale.
Na printa, bila kuguswa, ikasafisha koo
ikaanza kutema.

Makubaliano ya kuuza kibanja.
Kibanja cha Buwenge, kile chenye Baba
chini ya saruji, pembeni mwa migomba.
Nafasi ya muhuri wa mwenyekiti wa LC.
Nafasi ya shahidi.
Nafasi ya mjane, na jina lake limekosewa herufi.
Kurasa nne, nakala tatu.

Mlango ulikuwa wazi, nikamwona.
Alisoma nakala ya kwanza. Akasoma na ya pili,
labda akidhani itasema jingine.
Hakuniita.
Akazigonga kingo mezani mpaka zikakaa sawa,
akazigeuza upande mweupe,
akazirudisha kwenye trei.

Asubuhi Nangobi, chai mkononi,
akatuma kurasa zake kumi na mbili kutoka jikoni.
Mashine ikachukua ilichopewa.

Balidawa alirudi jua likiwa kali.
"Baba, nisaidie hapa. Taja sehemu za panzi."
Akaichukua karatasi, akaiinua dirishani,
na mwanga ukapenya:
katikati ya miguu ya panzi
maneno yake mwenyewe, yakisomeka kinyumenyume.
Akaigeuza. Akachukua nyingine, akaigeuza.
Mtoto akasubiri na penseli.

Chumbani feni ya kompyuta ilikuwa ikivuma.
"Balidawa," Mama akaita, wala hakupaza sauti,
"karatasi zimeisha.
Ukitoka, lete rimu moja.
Na wino."