Kibao cha Bi Sun-hi

Uhindini, mlango wa tatu kutoka kwa fundi saa,
palipouzwa khanga mpaka Jivraj alipofunga,
niko juu ya ngazi na kopo la rangi nyekundu.
Ng'ambo, Bwana Pak keshafungua duka la mawigi.
Mtaa unabadili wenyewe, jina halibanduki.

Herufi zao sizisomi. Nanakili tu:
ndoo, kijiti, kisanduku,
na vumbi linanata kabla rangi haijakauka.

Bi Sun-hi akatoka, pilipili hadi viwikoni,
kabeji kaiacha kwenye chumvi.
Akatazama juu.
Akacheka mpaka akakaa kizingitini.
"Ndahani! Mimi nataka wali. Wewe umeandika usiku."

Kumbe ni pembe mbili tu.
Nikaziotesha juu ya kisanduku,
kama za ndama wetu kule Mvumi,
na usiku ukawa wali.

Hela alinipunja mia tano, nikanuna.
Kisha ikaja sahani: wali, kabeji inayochoma masikio,
na pembeni mlenda.
Mlenda! Kafundishwa na mama mwenye nyumba.

Sikufuta kitu pale juu.
Usiku bado umo ndani ya wali,
ukijua pa kutazama.