Msalimie Zubeda

Hukuwa na ndugu kwenye treni ile, Bibi Kalekwa,
nasi tulijua.
Lakini kila ilipoingia Tabora
ulikuwa pale, wanja umekolea, kitenge cha majogoo,
ukimpungia wa dirishani usiyemjua baba wala mama:
"We kijana! Msalimie Zubeda!
Mwambie ile sufuria nimeiona!"
Naye, masikini, akaitikia,
akaondoka na salamu isiyo na mwenyewe,
akaipakata hadi Kaliua, hadi Malagarasi,
akijiuliza Zubeda yupi, sufuria gani.

Sisi tulicheka mpaka tukakaa kwenye kokoto.
Wewe hukucheka. Ulikunja uso kama karani wa posta.
"Mtu asisafiri mikono mitupu," ulisema.

Nyumba yako ya Isevya haikuwa na umeme,
ila ukutani alikuwapo twiga aliyevaa viatu,
kuku juu ya baiskeli,
na mwenyekiti wa mtaa, tumbo zima la chokaa,
aliyekuja kukukanya
akaishia kusimama juani saa nzima, akiuliza
kama masharubu yataonekana.
Mkaa, majivu, udongo mwekundu, bluu ya kufulia,
hukuwa na duka jingine la rangi.
Mvua za Januari zikafuta yote.
Ulitazama michirizi ikiteremka, ukasema
mvua imeshasoma, imefunua ukurasa.

Na ile shuka ya viraka!
Chini ya cherehani ya fundi Kitwana uliokota
vipande visivyotosha hata kufuta kamasi,
ukaviunga mwaka hadi mwaka, nusu uzi, nusu uongo:
"Hiki cha kaki ni cha polisi aliyeogopa paka.
Hiki cha maua, harusi iliyovunjika pilau likiwa jikoni.
Hiki cheusi..."
Hapo uliuma uzi kwa meno,
ukarukia kingine.

Mtani wako Mwinyikondo, Mzaramo wa Kachoma,
ulimtungia haya, akayabeba mjini kama medali:

*Mtani wangu mwembamba, jifunge jiwe kiuno,*
*Upepo wetu watamba, haujui maagano,*
*Wakuokote kwa kamba, Urambo kwenye mavuno,*

mstari wa nne siuandiki.
Ulikuwa wa watu wazima.

Siku ya kukuzika alijilaza kifudifudi mlangoni,
jeneza halina pa kupita,
akidai jogoo wake wa mwaka sabini na nane.
"Hatoki mtu! Kalekwa hafi na deni langu!"
Shangazi Mgeni akatoa elfu mbili. Akazitupa.
Akatoa elfu tano. Akainuka, akajipangusa vumbi,
akazihesabu kwa sauti ingawa ilikuwa noti moja,
machozi yamemjaa kidevuni.
Imamu aligeukia ukuta. Mabega yalimtikisika.
Sijui alikuwa anafanya lipi kati ya mawili.

Usiku, tukikunja shuka, nikamwuliza mama cheusi.
"Bitana ya koti la babu yako," akasema.
"Alipanda treni ya Kigoma, akaahidi ataandika."
Akaendelea kukunja.

Leo nimekuja stesheni, sina safari.
Wauza karanga wameshanizoea macho.
Kitenge chako kinanipwaya, majogoo yamepauka,
mmoja amebaki mkia tu.
Behewa la tatu, dirishani, dada amempakata mtoto aliyelala.
Koo likanikauka. Nikakaribia kurudi nyumbani.
Kisha treni ikashtuka, ikaanza kujivuta,
na mkono ukainuka wenyewe:
"Dada! Msalimie Zubeda!
Mwambie ile sufuria nimeiona!"

Akatazama kushoto, kulia. Akafungua mdomo.
Reli ikamchukua akiwa hivyo.

Nami nikakunja uso kama karani wa posta,
nikaushikilia, Bibi, nikaushikilia
mpaka behewa la mwisho.