Kona ya Barani, Malindi

Nikikata kwa kushoto, pale njia ya Barani,
husaga kama kokoto zikitafunwa kinywani;
mwanangu, bado mtoto, vidole masikioni.
Nikinyoosha, ni kimya: gari la watu wengine.

Fundi Kombe kabashiri: beringi zimeshachoka.
Wa pili alikadiri, bila hata kuinuka:
nitoe, nisighairi, elfu kumi za haraka.
Nikinyoosha, ni kimya: gari la watu wengine.

Mbeyu akaleta jeki, akazungusha mwenyewe;
kati ya bati na breki, kachokonoa kijiwe,
kidogo, hakishikiki, kipande tu cha tumbawe.
“Kata kushoto,” kasema, “nenda, rudi, tukuone.”

Ujira: soda baridi. Kijiwe akachukua.
Nakata kona: ni kimya. Nasikia ya wengine.